Jiwe Moja, Picha Mbili

Mwaka wa 1849, Johann Ludwig Krapf aliuona Mlima Kenya akiwa Ukambani. Aliporipoti kwamba kuna theluji huku ikweta, wasomi kadhaa wa Ulaya hawakumwamini. Hakuwa na picha. Shida yetu sasa ni kinyume chake: karibuni tutahitaji ushahidi kwamba barafu iliwahi kuwepo.

Mimi hupiga picha za harusi Nairobi. Kazi yangu ni mtu apendeze leo, basi. Mzee aliyenipandisha hadi karibu na kilele cha Lenana alinifunza kazi nyingine. Tukiwa juu ya barafu ya Lewis, nilimwonyesha kwenye simu picha ya zamani ya mahali pale. Akacheki mawe kwanza, si barafu.

"Kijana, songa kushoto. Bado. Haya, hapo."

Ufa wa jabali ukalingana na ule wa pichani. Ndipo nikaona: penye barafu kwenye simu, mbele yangu palikuwa na changarawe tupu.

Mbinu yenyewe ni hiyo tu. Jabali halihami, kwa hivyo ndilo shahidi. Unarudi mahali pale pale, msimu ule ule. Ukipiga asubuhi baada ya theluji mpya, mlima utakudanganya kwamba umepona.

Kati ya 1934 na 2010, Lewis ilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake. Mwaka wa 2014, mpiga picha Simon Norfolk alipita na moto usiku pale ukingo wa barafu ulipokuwa zamani. Kwenye picha zake mstari wa moto unawaka mbali kabisa na barafu iliyobaki.

Rafiki yangu aliniuliza, "Sasa hiyo inatuhusu nini? Si mito hujazwa na mvua na msitu?" Ni kweli, barafu hii huchangia maji kidogo sana. Lakini inayeyuka kwa sababu joto limepanda na theluji imepungua, na hewa hiyo hiyo ndiyo inayomfikia mkulima kule chini.

Halafu kuna mzee. "Watoto wangu nikiwaambia nilikuwa natembea juu ya barafu hapa," alisema, "wanadhani natunga."

Nikampiga picha amesimama kwenye changarawe, ule ufa nyuma yake. Nikaandika tarehe, saa na mahali nilipoweka miguu. Ukipanda, niambie. Nitakutumia.