Kumjua Malkia wa Chungu

Mvua kubwa ikiisha kunyesha, watoto wa skuli hutuletea wadudu wakubwa waliowaokota njiani, wakituuliza, "Mwalimu, huyu ni mdudu gani?" Yatupasa sisi walimu na wazazi tujue kuwajibu vema.

Kwanza tumtenge chungu na kumbikumbi. Kumbikumbi ni jamaa ya mchwa: kiuno chake ni kinene, papasi zake zimenyoka, na mabawa yake manne yalingana urefu. Chungu ana kiuno chembamba, papasi zilizopindika kama kiwiko, na mabawa ya nyuma mafupi kuliko ya mbele.

Pili, tuangalie kama ni malkia. Kifua chake ni kipana kuliko cha mtumishi, maana ndani imo misuli ya kurukia. Dume naye ana mabawa, lakini kichwa chake ni kidogo. Malkia akiisha kuruka na kupata dume huyaangusha mabawa yake, na makovu yake huonekana kifuani.

Tatu, tutafute kabila lake. Tuhesabu mafundo yaliyo kati ya kifua na tumbo: wale waitwao Camponotus wana fundo moja, na wale waitwao Messor wana mawili. Lakini fundo peke yake halitoshi, maana makabila mengine pia yana mawili. Tuandike urefu wake, rangi yake, mahali alipookotwa na tarehe. Hivyo ndivyo wenye elimu wafanyavyo kabla ya kutaja jina.

Huko Naivasha na Gilgil, katika Kenya, yuko malkia mkubwa mwekundu wa kabila la Messor cephalotes. Neno Messor ni la Kilatini, maana yake mvunaji, kwa kuwa chungu hao hukusanya mbegu za majani na kuziweka akiba. Jamaa zao wako hata Palestina, nchi ya Sulemani, aliyemtuma mvivu kwenda kujifunza kwa chungu.

Jina hilo limekuwa na bei. Mwezi wa Aprili 2025 vijana wawili wa Ubelgiji walikamatwa Naivasha wakiwa na malkia wapatao 5,000, ndani ya vichupa vyenye pamba. Mwezi wa Mei korti ikawatoza kila mmoja faini ya shilingi 1,000,000, au kifungo cha miezi 12.

Huenda mtu akasema, "Chungu ni kitu gani?" Ndugu wasomaji, malkia mmoja huchimba shimo peke yake, hujifungia, na kuwalisha watoto wa kwanza kwa nguvu za mwili wake mwenyewe. Akichukuliwa yeye, mji mzima umechukuliwa kabla haujajengwa. Na mbegu ambazo watumishi wake wangaliziangusha njiani, zikaota majani ya ng'ombe wetu, hazitapandwa.

Basi tuwafundishe watoto kutazama sana, kuhesabu na kuandika. Kisha wamrudishe malkia katika udongo ule ule walikomwokota.