Jiwe Lililopoa Gizani

Mtu apitaye ziwani kwa mashua, toka Bukoba kuelekea Muleba, huona majabali yamesimama kama ukuta. Hayo ni mawe ya mchanga. Zamani za kale mchanga ulitandazwa tabaka juu ya tabaka, hata ukashikamana. Juu yake ni rweya, nchi ya majani isiyopendwa na migomba. Mtoto wa huko aweza kudhani kwamba mawe yote ya dunia ndivyo yalivyo.

Sivyo. Akienda magharibi, hata Karagwe na Kyerwa, atakuta jiwe la itale, ambalo wengine huliita graniti. Hilo lilipikwa na joto la chini ya nchi. Uji wa mawe yaliyoyeyuka ulipanda, ukajipenyeza katika mawe ya zamani, lakini haukufika juu. Ukakaa gizani, kilometa kadhaa chini, ukapoa polepole sana. Kwa hiyo chembe zake zilipata nafasi ya kukua, na leo zaonekana kwa macho: kwatsi kama kioo, felspa nyeupe au nyekundu kidogo, na ulanga umetametao.

Mvua na mito ikaila nchi ya juu, mpaka itale likatokea. Na hapa pana ajabu. Jiwe hili ni gumu kwa nyundo, hata hufaa kwa misingi na madaraja. Lakini huko Karagwe liko mabondeni! Maji huigeuza felspa yake kuwa udongo, chembe zikaachana. Vilima vinavyolizunguka vina mawe ya kwatsi, ambayo mvua haiyawezi.

Lilipokuwa likipoa, miaka ipatayo milioni 1,000 iliyopita, maji ya moto yalitoka ndani yake, yakapita katika nyufa za mawe jirani, yakaacha humo kwatsi nyeupe na mawe ya bati, meusi, mazito kupita umbo lake. Bati hupakwa juu ya chuma cha makopo kisishike kutu, tena huunga nyaya za redio. (Mabati ya kuezekea, licha ya jina lake, hupakwa zinki.)

Wachimbaji wengi wa Kyerwa hushuka na sururu na koleo tu. Ardhi ya huko imelegea, na ikilowa kwa masika, kingo za shimo huporomoka ghafula juu ya watu. Mchimbaji mwenye akili huchimba kwa ngazi pana toka juu, wala hamsikilizi mwenzake amwitaye mwoga. Mvua ikinyesha hukaa nje, hata kama jiwe jeusi amekwisha kuliona, mpaka kingo zikauke.