Ukungu wa Sironga

Neno 'ukungu' lina maana mbili katika Kiswahili. Kwanza, ni ule mvuke mzito unaotanda alfajiri ukaficha vilima na mabonde. Pili, ni kuvu inayoota juu ya mkate, ngozi au karatasi iliyokaa penye unyevu. Wanasemantiki na wabishane iwapo hiyo ni polisemia au homonimia. Kwa mpiga picha wa Sironga, ukungu wa kwanza ndio mzazi wa ule wa pili.

Sironga iko Nyamira, katika nyanda za juu za Gusii, ambako mvua huzidi milimita 1500 kwa mwaka na ni nadra mwezi kupita bila kunyesha. Neema hiyo inayostawisha chai na ndizi ndiyo inayoharibu picha. Filamu hupakwa tabaka la jelatini, nayo jelatini hufyonza maji, ikavimba, ikanata, hatimaye ikawa chakula cha kuvu.

Mjomba wangu alikuwa akipiga picha za harusi, ubatizo na matanga kijijini kwetu katika miaka ya 1990. Kwake nilijifunza kwamba adui mkuu si mvua, kwani mvua huonekana na mwavuli huizuia. Adui ni badiliko la joto. Kamera iliyotoka kwenye baridi ya alfajiri ikaingizwa jikoni penye moto na chungu kinachotokota, lenzi yake hufunikwa na matone papo hapo. Kwa hiyo mjomba aliifunga ndani ya mfuko usiopitisha hewa kabla ya kuvuka kizingiti, kisha akaketi kupiga gumzo karibu nusu saa hadi chombo kipate joto la nyumba. Wenyeji walidhani anasubiri chai.

Hakubadilisha filamu penye manyunyu. Iliyokwisha kupigwa aliipeleka kusafishwa mjini Kisii wiki iyo hiyo, kwa kuwa taswira iliyojificha ndani yake hufifia upesi penye joto na unyevu. Usiku, kamera haikulala katika mkoba wake wa ngozi, maana ngozi hutunza unyevu na kulea kuvu. Kikulacho ki nguoni mwako! Ililala katika kopo lenye kifuniko cha kubana, pamoja na kifurushi cha kitambaa chenye mchele uliokaangwa hadi ukawa wa rangi ya kahawia, kisha ukapozwa. Mchele huo ulinyonya unyevu, na kila baada ya muda ulikaangwa upya. Negativu nazo zilikuwa na kopo lake.

Nyanya yangu alipofariki mwaka 2004, picha zake za ukutani na za albamu zilikuwa zimeliwa na ukungu. Uso haukutambulika hata katika moja. Katika kopo la mjomba tulikuta negativu moja ya mwaka 1993, kavu na safi. Picha yake ndiyo iliyobebwa mbele ya jeneza, na ndiyo wanayomjulia wajukuu waliozaliwa baadaye.

Siku hizi wengi hupiga picha kwa simu, lakini negativu za miaka hiyo zingali chini ya vitanda vya wazee wetu. Wenzangu, twendapo likizo kukusanya ngano na methali, tuziulizie pia. Tuzikaushe kivulini, tuzifungie penye ukavu. Bandu bandu huisha gogo, na ukungu hula uso wa mtu vivyo hivyo.