Chuma Kiende Juu

Ami alinipigia simu Jumamosi asubuhi akataka nimsaidie hesabu ya saruji. Si kwamba ananiona mhandisi. Mimi hushinda nyumbani na laptopu, na hapa Tudor mtu anayeshinda nyumbani na laptopu ni mtu asiye na kazi, hata ukieleza mara mia kwamba unaandikia watu makala na unalipwa.

"Si wewe ulisomea mambo haya?" akaniuliza.

"Nilisomea nusu, ami."

"Basi nipigie nusu ya hesabu."

Nilisomea uhandisi wa ujenzi miaka miwili na muhula mmoja, katika chuo kimoja huko bara. Nilikuwa sekondari wakati jengo la makazi lilipoanguka Huruma, Nairobi, Aprili 2016, usiku wa mvua, likaua watu wapatao 50. Picha zile ndizo zilizonifanya nijaze uhandisi kwenye fomu. Watu wakiniuliza kwa nini niliacha, nawaambia karo. Na karo ilikuwa kweli: baba aliugua, hela zikaenda hospitali. Lakini kuna kipande cha hadithi ambacho huwa nakiruka. Kabla ya karo, nilikuwa nimeanguka mtihani wa miundo mara mbili.

Mara ya pili, swali lililonimaliza lilikuwa la bimu iliyolala juu ya maegemeo mawili, kisha ikapitiliza lile la pili na kuning'inia hewani. Chora mkato, chora mpindo. Mpindo nikauchora wote upande mmoja, umebonyea kama bakuli, mpaka kwenye ile ncha inayoning'inia. Mwalimu alipiga mstari mwekundu mmoja. Hakuandika hata neno.

Kwa ambaye hakupitia mateso hayo, jambo lenyewe si gumu kuliwaza. Weka ubao juu ya matofali mawili, ukae katikati. Ubao unabonyea. Nyuzi zake za juu zinabanwa, za chini zinavutwa. Huo ndio mpindo. Lakini kuna jambo la pili ambalo halionekani kwa macho. Uzito wako unasukuma chini, tofali linasukuma juu, na pale karibu na tofali kipande kimoja cha ubao kinataka kuteleza dhidi ya jirani yake, kama karatasi kwenye meno ya mkasi. Huo ni mkato. Mzigo ukienea sawasawa, mpindo mkubwa hukaa katikati, na mkato mkubwa hukaa kwenye maegemeo.

Halafu kuna urefu, ambao ndio mkorofi. Ukiongeza urefu wa ubao mara mbili, mzigo wa kila mita ukabaki uleule, mkato unakuwa mara 2. Mpindo unakuwa mara 4. Kubonyea kunakuwa mara 16.

Hesabu hii nyumba ya nyanya, kule Kibokoni, ilikuwa inaijua kabla sijazaliwa. Vyumba vyake ni virefu na vyembamba. Nilipokuwa mdogo nilidhani waliojenga walikosa nafasi. Kumbe dari lote, mawe ya matumbawe na chokaa juu yake, linabebwa na boriti za mikoko, na kwa mzigo mzito namna ile huthubutu kuzitandaza sana. Ndiyo maana chumba cha nyumba ya kale hapa pwani mara nyingi hakipiti mita 3 kwa upana, ila urefu wake unaweza kwenda unavyotaka. Kabla Kenya haijapiga marufuku usafirishaji wa mikoko nje mwaka 1982, majahazi yalizibeba boriti za Lamu hadi Arabuni, na huko nako nyumba za kale zina vyumba vyembamba vivyo hivyo. Upana wa chumba ulisafiri ndani ya jahazi.

"Boriti ni muungwana," nyanya alikuwa akisema. "Haikuangukii vivi hivi. Yalia kwanza."

Ni kweli, mti hulia. Nyuzi zake zinastahimili kubanwa na kuvutwa pia, na zikianza kuchoka utazisikia. Zege halina uungwana huo. Ukilibana ni jabali. Ukilivuta, nguvu yake inashuka hadi kama sehemu moja ya kumi, linapasuka. Kwa hiyo tunaweka chuma ndani yake, na si popote, bali upande ule unaovutwa. Ukilisahau hilo, chuma chako ni mapambo.

Basi Jumamosi hiyo nikavaa ndala nikaenda kwa ami, mitaa michache tu kutoka kwetu. Ghorofa ya kwanza imekwisha kusimama na sasa wanataka slabu ya pili, pamoja na roshani ya kutazama barabara. Zege lilikuwa la kumwagwa kesho yake. Nikapanda ngazi ya mbao nikitafuta urefu na upana tu, nizidishe, nishuke.

Nikaona chuma. Kilikuwa kimefungwa vizuri, kwa kweli, waya kila kiungo. Kimelala chini, karibu na mbao, katika slabu ya chumba. Sawa kabisa. Kisha kikaendelea vilevile, chini vilevile, kikapita ukuta na kuingia kwenye roshani. Futi 5 hewani, na juu hakuna hata chuma kimoja.

Nikasimama pale. Ilikuwa ile bimu yangu ya mtihani.

Roshani haikai kama ubao juu ya matofali mawili. Imeshikwa upande mmoja tu. Ncha inataka kushuka, kwa hiyo uso wa juu ndio unaovutwa na wa chini ndio unaobanwa. Ulimwengu umegeuka, na mpindo mkubwa hauko katikati tena, uko palepale ukutani, mahali pamoja na mkato mkubwa. Kwa urefu uleule na mzigo uleule ulioenea, mpindo wake ni mara 4 ya ule wa ubao wenye matofali mawili. Na ikishindwa pale ukutani, haina egemeo la pili la kukimbilia.

"Fundi," nikasema, "hapa chuma kingekuwa juu."

Fundi ni mtu mzima, amejenga nusu ya mtaa. Hakukasirika. "Dadangu, chuma kinakaa chini ndipo kibebe mzigo."

Ami akauliza swali nililokuwa nalingoja. "Wewe chuo ulimaliza?"

Nilitaka kushuka. Ningeweza kumpa idadi ya mifuko ya saruji nikaenda zangu, na pengine yasitokee lolote kwa miaka. Nikauliza badala yake, "Ami, tangi la maji utaliweka wapi?"

Akanyosha kidole kwenye roshani. La lita 1,000.

Nikakaa juu ya tofali nikapiga hesabu nyuma ya risiti yake ya saruji. Chukua ukanda wa roshani wenye upana wa mita 1. Urefu mita 1.5, unene sentimita 15: zege lenyewe ni kama kilo 540, na kitovu cha uzito huo kiko mita 0.75 kutoka ukutani. Hiyo ni sawa na kuning'iniza kilo 405 mita moja kutoka ukutani. Tangi likijaa ni kilo 1,000, na kitovu chake kiko kama mita 0.8, sawa na kilo 800 nyingine. Jumla 1,205. Tangi peke yake limeufanya mpindo kuwa karibu mara tatu, na bado hatujaweka watoto wa Idi wanaochungulia barabara.

Namba hazikumgusa. Nikashuka dukani nikanunua mche wa sabuni. Nikaukata kidogo kwa kisu upande wa chini, fundi akaushika ncha moja mezani, mimi nikasukuma ncha ya nje. Ufa ukajifunga. Tukaugeuza, ufa ukawa juu. Nikasukuma. Ufa ukafunguka mdomo, sabuni ikavunjika mkononi mwake.

Fundi akaitazama sana. "Hii inafunguka juu," akasema, akimwambia ami, si mimi.

Zege halikumwagwa Jumapili. Ami alipoteza rubuni ya mashine na hakunisemesha siku mbili. Nilimwambia asichukue neno langu, atafute mhandisi aliyesajiliwa, na Jumanne akaja mmoja. Akaagiza vyuma vya juu, virudi ndani ya slabu ya chumba kwa urefu unaozidi ule wa roshani. Akaagiza viti vidogo vya chuma vya kuvishikilia, kwa sababu wabeba zege huvikanyaga vikazama chini. Kwenye bimu inayoishika roshani, ringi zilikuwa zimeachana sawasawa kote. Akazisogeza zikaribiane karibu na nguzo, panapokaa mkato. Mpindo, akasema, ukiwekewa chuma sawasawa hukuonyesha nyufa kabla. Mkato hauna subira hiyo. Tangi akaliondoa kabisa, likae juu ya ukuta.

Nilikuwa nikisikiliza kama mwanafunzi. Jioni nikasoma kuhusu Galileo, aliyeacha chuo Pisa mwaka 1585 bila shahada na miaka 53 baadaye akachapisha kitabu chenye picha ya boriti iliyochomekwa ukutani. Hata yeye alikosea. Alidhani nyuzi zote zinavutwa, na ikachukua wengine zaidi ya karne kupanga sawa upi unavutwa na upi unabanwa. Nikacheka peke yangu. Halafu nikachukua karatasi nikalichora upya lile swali la mtihani. Bakuli kati ya maegemeo, na mgongo pale linapopitiliza.

Wiki iliyopita ami aliniita mbele ya majirani: "Huyu ndiye injinia wetu."

"Ami, usiseme hivyo. Sikumaliza."

Akafikiri. "Haya, nusu injinia."

Hiyo nikaikubali.