Barua kutoka Leicester: Ukuta wa Jikoni

Dada,

Ijumaa ile, kwenye simu ya video, Mama aliuliza kama nimepatwa na kiharusi. Alikuwa akiniona nimeachama, jicho moja limefumba, dakika nzima sitikisiki. Nikamjibu nilivyozoea: "Mama, ni huo mtandao wenu." Ukadakia wewe: mbona binamu yetu wa Toronto anaonekana hadi chunusi? Nilikata simu nimenuna. Leo nakiri.

Nyumba yangu ni moja katika safu ya nyumba za matofali zilizoshikana kuta, za enzi za Malkia Victoria. Waya wa intaneti unaingilia mbele, chini ya dirisha la sebule, na ruta ikawekwa papo hapo, sakafuni nyuma ya televisheni. Mke wangu hakupenda vile vitaa vyake, akaifunika kwa tangi la samaki. Jiko liko nyuma kabisa, na katikati kuna kuta mbili. Wewe uliyezaliwa Mji wa Kale wa Mombasa unajua ukuta wa matumbawe na chokaa unavyomeza Wi-Fi. Tofali nalo ni hivyo hivyo, na maji ya tangi hunyonya mawimbi kuliko hata ukuta.

Nilikuwa karibu kulipia kifurushi kikubwa zaidi. Mwanangu akanizuia. Alichomeka kompyuta kwenye ruta kwa kebo, akapima: megabiti 67 kwa sekunde, kile kile tunacholipia. Akaingia jikoni na simu: 4. Kisima kimejaa, ndoo ndiyo inayovuja. (Akanicheka pia kwamba nilidhani ni megabaiti. Gawanya kwa nane, Baba.)

Lakini kilichonitesa ni hiki: kwa nini mimi nawaona nyinyi vizuri, nyinyi mnaniona sanamu? Kumbe simu ina sauti ndogo kuliko ruta. Ruta ikipaza sauti, simu jikoni inasikia. Simu ikijibu, jibu linafia kwenye matofali. Picha yenu inafika, yangu haitoki. Na mimi miaka yote nalaumu Mombasa! Tangu kebo za TEAMS na SEACOM zilipofika hapo mwaka 2009, sauti ya Mama inapita chini ya bahari, inavuka nchi baada ya nchi, inanifikia salama, halafu picha yangu ndiyo inayokwama hatua kumi kutoka kwenye sufuria.

Bado kuna mambo ya maikrowevu. Ijumaa napenda kupasha pilau huku tunaongea, na hiyo oveni hutumia masafa yale yale ya gigahezi 2.4 ambayo simu yangu ilikuwa imeyang'ang'ania. Kila pilau ikizunguka, mimi naganda. Masafa hayo pia yana msongamano: nilihesabu Wi-Fi 19 za majirani, na njia zisizoingiliana ni tatu tu, ya 1, ya 6 na ya 11. Gigahezi 5 ina nafasi na kasi zaidi, ila ukuta huishinda upesi.

Nikanunua kile kidude cha kurefusha Wi-Fi, nikakichomeka jikoni, pale pale ambapo mtandao haufiki. Pesa bure. Ni kama kumpa ujumbe wa kupokeza mtu asiyeusikia; atapokeza nini? Kingewekwa katikati ya njia kingesaidia kidogo, lakini nacho hula kasi, maana kinasikiliza na kusema kwa zamu.

Mwishowe tulitandaza kebo ya mita 20 pembeni mwa korido, chini ya zulia la mlangoni, hadi kituo cha pili cha Wi-Fi juu ya kabati la vyombo. Ruta yenyewe tukaitoa sakafuni tukaipandisha rafu. Samaki wamehamia upande wa pili, na mke wangu hajasema nami vizuri tangu hapo. Jikoni sasa napata 60.

Juzi Mama alinitazama kimya muda mrefu, nikadhani tumekwama tena. Kumbe alikuwa akikaza macho nyuma yangu, kwenye rafu.

"Hilo sinia," akasema, "si langu lile la shaba?"

Dada, mwambie nitalirudisha Idi.