Magoti ya Gari

Forodhani ni jina lililotokana na forodha. Zamani shehena zilishushwa pwani hapo, zikahesabiwa na kutozwa ushuru. Bustani iliyopo ilifunguliwa mwaka 1936, ikatengenezwa upya na kufunguliwa tena mwaka 2009. Jioni hupenda kukaa ukutani nikatazama vijana wakiruka baharini. Kila mmoja, kabla hajaruka, hukunja magoti kwanza. Nikiwatazama hukumbuka kosa nililolitenda mahali hapo hapo.

Nalikuwa na pikapu kuukuu niliyoirithi kwa mjomba wangu, aliyeitumia kuchukulia nazi. Katika Unguja si ajabu gari la namna hiyo kuongezwa majani ya springi nyuma ili listahimili mzigo. Nia yangu ilikuwa kinyume cha hiyo: nilitaka gari lishuke. Mama yangu alikuwa mzee, na magoti yalimsumbua. Kila nilipompeleka kwa tabibu alipanda kwa kuvutwa mkono na kusukumwa mgongo mbele ya macho ya watu, naye ni mwanamke mwenye haya.

Nilikwenda kwa fundi mzee. Aliinama, akachungulia chini ya gari, akasema: "Mwanangu, springi ni magoti ya gari. Ukiikata itakuwa fupi, lakini itakuwa ngumu kuliko kwanza."

Alisema kweli. Mwaka 1678 Robert Hooke, mtaalamu wa Uingereza, alieleza kuwa springi hubonyea kwa kadiri ya nguvu inayoikandamiza. Tena ugumu wake huzidi kadiri mizunguko inavyopungua: springi yenye mizunguko 8 itendayo kazi, ikikatwa mmoja, ugumu wake huongezeka kwa sehemu moja ya saba. Fundi akanionya na juu ya moto. Chuma cha springi kimepikwa kwa kipimo hata kikapata tabia ya kurudi kila kikandamizwapo. Moto wa ovyo ukikipitia, tabia hiyo hupotea. Njia ya haki, alisema, ni springi fupi zilizoundwa kwa uzito wa gari lenyewe, na shokapu zinazolingana nazo. Kisha pembe za magurudumu zipimwe upya, maana gari likishuka magurudumu ya mbele huweza kuinamiana juu, yakalika upande wa ndani. Gharama ilinishinda. Nikamshukuru nikaondoka.

Fundi mwingine alinipokea kwa tabasamu. Katika muda wa saa moja moto wa gesi ulipitishwa juu ya springi za mbele, na gari likapiga magoti kama ngamia. Mama alipanda bila ya kushikwa mkono, akaniombea dua. Dua ile huniuma hata leo.

Wiki ya tatu tulikuwa tukirudi kwa tabibu kwa njia ya Mizingani. Gurudumu liliingia katika shimo dogo. Springi zilizokwisha kulala hazikuwa na nafasi ya kubonyea; chuma kilipiga chuma, usukani ukaniponyoka, gari likapanda ukingo wa njia na kusimama hatua chache kutoka kwa mchuuzi wa pweza aliyekuwa akipanga meza yake. Hapana aliyekufa. Mama aligonga paji la uso, damu ikachuruzika juu ya buibui lake. Tulimkalisha bustanini, na mchuuzi yule yule niliyekaribia kumwua akamletea maji.

Mama alinyamaza kitambo, kisha akauliza: "Mwanangu, kwa nini hukuniwekea kigoda?"

Sikuwa na jibu. Kigoda kilikuwapo uani siku zote. Hukikalia akichagua mchele. Sharti nikiri kwamba mapenzi kwa mama hayakuwa sababu pekee. Nilipenda pia gari lililoinama mbele, na nilifurahi vijana wa mjini walipogeuka kulitazama. Tamaa yangu ilijificha nyuma ya magoti ya mama, na mimi sikuitafuta ilipojificha.

Nilirudi kwa fundi mzee. Hakunisimanga, alitoa springi zilizoungua, akatia nyingine za kimo cha asili. Nililipa kwa miezi minne. Sasa gari limesimama juu kama lilivyokuwa kwa mjomba, na kigoda kimefungwa kwa kamba nyuma. Tukifika, mimi hukishusha, mama huweka mguu wake juu yake, akapanda mwenyewe polepole. Kovu lipo pajini. Hajalitaja hata siku moja, wala dua hajaacha kuniombea.