Keki ya mke niliyoibeba kutoka Guangzhou

Wengi mmeniuliza, nikienda Guangzhou kufuata lesi na satini huwa nakula nini. Leo nawajibu, na ndani ya jibu hilo limo jambo nililolinyamazia muda mrefu. Wenyewe wameniruhusu kulisimulia, ila nisiwataje.

Kwanza mjue kwamba watu wa Guangzhou wanapenda kula. Asubuhi unatoka hotelini, hujafika hata kona mvuke umeshakupiga usoni. Kuna kitu wanakiita changfen. Unga wa mchele uliokorogwa mwepesi unamiminwa kwenye sinia bapa na kutiwa kwenye mvuke, na dakika chache baadaye unatoka kama shuka jeupe laini. Wanalikunja na kulimwagia sosi ya soya. Ukiliona utasema huyu ni ndugu yake mkate wa kumimina, kakosa nazi tu. Kuna vibanda vya matumbo ya ng'ombe yaliyochemshwa na figili mpaka yamelegea, wanakukatia kwa mkasi hapo hapo. Kuna na chai ya asubuhi, ambayo kwa kweli chai ni kisingizio. Familia nzima, bibi mpaka wajukuu, inazunguka vikapu vidogo vya mianzi vyenye vitonge vya kamba vilivyofungwa kwa unga unaong'aa, mpaka unamwona kamba ndani. Na kuna jeli nyeusi chungu ambayo asili yake hutengenezwa kwa gamba la kobe. Hiyo nimewaachia wenyewe.

Safari ya kwanza sikugusa chochote. Niliishi kwa biskuti, tende na jodari wa kopo, huku nazunguka soko la vitambaa la Zhongda mpaka miguu imevimba. Nikarudi Unguja nimekonda, mume wangu akaniuliza kama nilikuwa nimefunga.

Safari ya pili, mwaka 2017, nikajiona mjanja. Nilikuwa nimejifunza neno moja, rou, yaani nyama. Kila kitu nauliza "rou?", muuzaji akitikisa kichwa, nakula. Ndipo nilipokutana na laopo bing, maana yake keki ya mke. Ni duara dogo lenye matabaka membamba kama ya chapati iliyosukumwa vizuri, juu limepakwa yai na kunyunyizwa ufuta, ndani lina kitu kitamu cha kunata kinachotengenezwa kwa tunda la jamii ya mung'unye lililopikwa na sukari. Na Wachina wa huko mambo ya harusi hayaendi bila keki. Upande wa bwana harusi hupeleka keki kwa kina biharusi, nao huwagawia jamaa ili ijulikane kwamba binti anaolewa. Mimi mshonaji wa maharusi, mnadhani ningepita hivi hivi?

Wakati ule nilikuwa namshonea biharusi mmoja gauni na nguo za siku ya hina. Nikamuuliza muuzaji, "rou?" Akacheka, akatikisa kichwa. Nikanunua maboksi manne.

Siku ya hina sahani ilizunguka. Watu wakasifu jinsi inavyomeguka mdomoni. Bibi yake biharusi alikula mbili, ya tatu akaifunga kwenye pembe ya kanga aende nayo nyumbani. Nami nikakaa pale nimejaa raha, zawadi yangu imependwa.

Mwaka uliofuata nilirudi Guangzhou. Siku ya Ijumaa nikaenda kuswali msikiti wa Xianxian, ambao katika eneo lake kuna kaburi wenyeji wanalolinasibisha na sahaba Saad bin Abi Waqqas, Allah amridhie. Wanahistoria wanabishana kuhusu hilo, lakini watu hawaachi kuzuru. Wakati ule baada ya swala, nje palikuwa na soko la chakula la Waislamu wa Kichina: mishikaki ya kondoo, mikate mikubwa ya duara, pilau ya karoti. Kesho yake nikaingia mkahawa wa tambi mtaa wa Xiaobei. Mwenye mkahawa ni mama Mwislamu aliyevaa ushungi. Nilikuwa na boksi la keki ya mke mkononi, ya kunywea chai usiku. Nikaliweka mezani.

Yule mama akaligeuza boksi, akasoma, akaweka kidole kwenye alama mbili: 猪油. Akanitazama, kisha akasukuma ncha ya pua yake juu kwa kidole. Sikuelewa. Akaandika kwenye simu, simu ikatafsiri. Mafuta ya nguruwe.

Alinieleza mambo kwa simu ile ile, polepole. Kwao ukisema rou peke yake, mtu anaelewa nguruwe. Ng'ombe ni niurou, kondoo ni yangrou. Na muuzaji wangu hakunidanganya, keki haina nyama. Kilichomo ni mafuta, ndiyo yanayoyafanya matabaka yameguke vile. Hata vile vitonge vya kamba, mara nyingi huchanganywa na mafuta hayo. Tambi zangu zilipoa mezani.

Nilirudi nyumbani na majora kumi na mbili na moyo mzito. Shetani hakosi la kusema. Nani atajua? Harusi imeshapita, biharusi keshakuwa mjamzito, unaenda kuwaharibia furaha yao na wewe kujiharibia biashara. Nikamuuliza ustadhi. Akasema waliokula bila kujua hawana dhambi. Nikapumua. Kisha akaniuliza, "Na wewe, lingekuwa ni lako, ungependa uambiwe?"

Nikaenda. Mama yake biharusi alinisikiliza akiwa anachagua mchele, hakuinua uso. Nilipomaliza alisema, "Na mama kala mbili." Nikamwambia tatu. Hapo ndipo aliponitazama. Hakunigombeza, na bora angenigombeza. Alisema amesikia, ananishukuru kumwambia, na watu wa siku ile atawaambia mwenyewe. Binti yake wa pili alipoolewa, gauni lilishonwa kwa fundi mwingine. Sikuuliza sababu.

Sasa naweka kwenye simu picha ya alama mbili, 清真, qingzhen. Ni safi na kweli, na ndivyo Waislamu wa China wanavyoandika halali. Nikiiona nakaa, nakula tambi za kuvutwa kwa mkono, supu ya ng'ombe, figili, kotmiri na pilipili ya mafuta. Nanyi mnaojiandaa kwenda, ihifadhini, na ile ya nguruwe pia.

Kitamu kimoja cha huko nakipika mwenyewe, maziwa ya tangawizi, asili yake Shawan, ndani ya Guangzhou. Hakina jelatini. Kamua tangawizi iliyokomaa, chuja, weka kijiko kikubwa kimoja kwenye bakuli. Pasha kikombe cha maziwa yenye mafuta yake pamoja na sukari mpaka pembeni yaanze kutikisika, yasichemke. Koroga ile juisi, kisha mimina maziwa kwa mkupuo mmoja kutoka juu, na usiguse tena. Dakika tano yanaganda, tangawizi yenyewe ndiyo inayoyagandisha. Ukikoroga umeharibu.

Mwezi uliopita nilimpelekea bakuli bibi yule yule. Alilitazama sana kabla hajashika kijiko.

"Hiki umekisoma?"

"Nimekipika mwenyewe, bibi."

"Nimekuuliza umekisoma."

Nikamwonesha paketi ya maziwa. Akavaa miwani, akaisoma yote, kisha akala.